Mstari Pajini

Sajini Anselm alilipakata fuvu ndani ya kapu, limefunikwa kipande cha khanga, na katika behewa zima la treni ya kutoka Bukene hapakuwa na abiria aliyekubali kukaa karibu naye ila Leonia. Leonia angefanyaje? Fuvu hilo ndilo lililotaka kumnyonga mumewe.

Lilifukuliwa na trekta katika shamba jipya la kijiji cha ujamaa, pale ilipopita njia ya zamani ya misafara. Pajini lilikuwa na mstari, kuanzia juu ya pua hadi utosini.

"Panga hilo," wanakijiji walisema kwa mdomo mmoja.

Na kama ni panga, basi marehemu ni Mahona, aliyepotea mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Na kama ni Mahona, muuaji ni mdogo wake Masolwa, maana ndugu hao waligombea ng'ombe wa mahari mpaka wakainuliana mapanga mbele za watu. Sasa Masolwa alikuwa mahabusu Tabora, na kesi ya kuua mwisho wake ni kitanzi.

Leonia alijua mumewe hakuua. Wengine wangesema anaamini, yeye alijua. Siku Mahona alipoonekana mara ya mwisho, Masolwa alikuwa Nzega amepeleka pamba, lakini ni nani atasikiliza ushahidi wa mke?

Shemeji yake hakumlilia. Mahona alikuwa mtu wa kuingia nyumba za watu bila hodi, pombe kichwani, mwenye nyumba hayupo. Wapo waliodai ameonekana kwenye machimbo ya dhahabu. Heri iwe hivyo, na abaki huko huko.

"Afande," aliuliza ghafla, "trekta linaweza kuburuta mfupa hadi wapi?"

"Mbona wauliza?"

"Nauliza tu. Na fisi je?"

Anselm alimwonea huruma. Mfa maji haishi kutapatapa, alijisemea, akamkatia kipande cha muhogo wake wa kuchoma. Leonia alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo hivyo hadi stesheni.

Hospitalini walipokewa na Daktari Bilkis, mama wa Kihindi mwenye mvi, aliyezaliwa Tabora hapo hapo, nyuma ya duka la baba yake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Ni shemeji yangu. Kama ni yeye."

Daktari alilitoa fuvu kapuni, akaligeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Leonia alivifuata vidole vyake kwa macho. Mungu wangu, aliomba, asiwe Mahona. Akiwa Mahona, tumekwisha.

"Panga hukata moja kwa moja," daktari alisema hatimaye, "na mfupa huvunjika kandokando. Tazama mstari huu unavyopindapinda, umeshikana meno kwa meno. Hili si pigo, afande. Huu ni mshono."

Leonia alilisikia neno hilo, mengine yakampita. Mshono! Mshono aliujua vizuri sana: sindano na uzi wa zahanati, mtu anapiga kelele, halafu kovu la maisha.

"Sote tunazaliwa na paji la vipande viwili," daktari aliendelea. "Kwa wengi huungana tungali wadogo, alama ikapotea. Wachache hubaki nayo hadi kaburini, na wala haiwadhuru. Huyu sioni alipopigwa. Kafa kwa nini, ni la nani, mfupa huu hauniambii."

Anselm aliweka kalamu chini. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi sina kesi. Masolwa atalala kwake."

Lakini Leonia alikwisha piga magoti, ameng'ang'ania mkono wa daktari, machozi ya furaha yakimtiririka hadi shingoni.

"Kumbe siye, mama! Huyo siye Mahona! Mahona hakupata kushonwa hata siku moja. Nilimfukia mwenyewe kwa mikono yangu hii, mama, na pajini hakuwa na mshono hata mmoja!"