Mikono Miwili Juu ya Goti

"Niachie! Niachie, mwana wa fisi!"

Lerionka hakuachia. Alikuwa ameinama juu ya benchi, mikono yake imekaza gogo la mgomba lililoviringishwa blanketi. Jasho lilimwingia machoni. Mwalimu Kaanaeli, akiwa kitini, alilivuta gogo kwa kamba huku na huku, akimtukana kwa sauti yote.

Lerionka aliinua macho kidogo tu. Kamba ikalegea.

"Umenitazama. Nimekuambia nini?"

"Nisitazame uso. Nitazame kazi."

"Na mikono?"

"Miwili, juu ya goti. Nilalie kwa uzito wangu wote."

"Haya. Tena."

Ilikuwa wiki ya sita. Mchana Lerionka alipalilia kahawa ya misheni, hapo juu mlimani. Jioni alikuja kwa Mwalimu. Jumanne daktari wa Kijerumani angefika kuchagua kijana mmoja wa kwenda naye pwani kujifunza uganga wa hospitali. Mmoja tu. Mzee Lomayani, baba yake, alikuwa amesema neno lake la mwisho: akikosa, arudi Kisongo kwa ng'ombe, na habari za shule zisisikike tena nyumbani kwake.

Dirishani, Bariki alikuwa akisoma karatasi kwa sauti. "Kwinini. Karboli. Aidini." Bariki alikuwa mtoto wa dada yake Mwalimu. Yeye alipewa karatasi ya majina ya dawa. Lerionka alipewa mgomba.

Siku hiyo uvumilivu ulimwishia. "Mwalimu, nami nifundishe majina ya dawa."

"Wewe shika mgomba."

"Daktari hataniuliza habari za ndizi!"

Bariki alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwache ashike, Mjomba! Juzi kachinjwa mbuzi, mwenzetu akaanguka kabla ya mbuzi. Mwarusha gani anaogopa damu?"

Mwalimu hakucheka. Alivuta shuka akajifunika vizuri miguuni, ingawa jua lilikuwa bado kali, akamwita mkewe, Marta, aongeze yale majani ya kupondwa ambayo harufu yake ilikuwa imejaa nyumba nzima.

"Baridi ya mlima huu imeniingia mifupani," alisema. "Njoo tuombe."

Aliomba akiwa amekaa, kama alivyofanya tangu mvua zilipoisha. Aliishika mikono ya Lerionka na kuibana.

"Bwana, itie nguvu mikono hii. Siku ile isitetemeke. Amina."

Lerionka aliitikia amina, lakini moyoni alikuwa na uchungu. Mpwa anapewa majina, mimi napewa maombi. Njia nzima alimwomba Mungu amwondolee wazo hilo, nalo halikuondoka.

Jumanne asubuhi vijana wawili walisimama mbele ya chumba cha dawa cha misheni. Mwalimu hakuwepo.

"Unamtafuta Mjomba?" Bariki alimnong'oneza. "Nani atembee mpaka huku kuja kutazama aibu?"

Marta alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliichukua mikono ya Lerionka, akaitazama, akaigeuza viganja juu, akaitazama tena. Kisha akaiachia.

Daktari alipanga chupa kumi mezani. Bariki alizitaja zote kumi, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayesoma amri za Mungu. Lerionka alitaja tatu. Daktari aliandika kitu katika kitabu chake. Lerionka aliona vumbi la Kisongo na migongo ya ng'ombe, mwaka huu, na mwakani, na miaka yote.

Ndipo daktari akafungua mlango wa chumba cha ndani.

Mtu alikuwa amelala juu ya meza, amefunikwa shuka nyeupe. Sista wa Kijerumani alikuwa akidondosha dawa ya usingizi kwenye kitambaa kilichoziba uso. Mguu mmoja tu ulikuwa nje, umevimba, mweusi kuanzia vidoleni hadi katikati ya muundi. Harufu yake iliwafikia mlangoni.

"Mguu huu unakatwa sasa," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Usipokatwa, mtu anakufa. Moyo wake dhaifu, siwezi kumpa dawa nyingi. Atapigana. Akitikisika vibaya, kisu kitaenda pasipotakiwa, na atakufa hapa. Nataka mtu wa kushika."

Alimwonyesha Bariki kwa kidole.

Bariki alisogea. Alinyoosha mkono, akaugusa ule mguu. Halafu alikuwa nje, amekumbatia nguzo ya baraza, anatapika.

"Wewe."

Lerionka alinawa, akanawa tena. Miguu yake ilimpeleka mezani, yeye mwenyewe hakujua vipi. Chumba kilianza kuzunguka, kama siku ile ya mbuzi. Aliomba, lakini maneno hayakupatikana, isipokuwa Bwana, Bwana. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Aliushika mguu popote mikono ilipoangukia, chini ya goti, akafumba macho.

Alisikia daktari akichukua kisu.

Chini ya kitambaa sauti ikatoka, nzito kwa usingizi, taratibu.

"Juu ya goti, mwanangu. Miwili. Na nikikutukana, usiachie."