Usukani wa Mezani

"Ushike basi, mama," alisema binti yake, muuguzi.

Mama Lori aliutazama kwanza. Usukani wa plastiki ulikuwa umebanwa kwenye ukingo wa meza, umechubuka pale vidole gumba vinapokaa. Tangu magoti yamwachishe udereva wa malori, alibaki na huo, na mchezo wa malori kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo binti alikuwa ameufuta mfumo wa zamani, uliokuwa ukijikokota kama mgonjwa, akaweka mfumo huria, ule wa bure ambao mafundi wa kila pembe huurekebisha pamoja.

"Na ukikataa kuutambua usukani wangu?"

"Utacheza kwa vitufe."

"Lori haliendeshwi kwa vitufe, mwanangu."

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kikakaa hivyo kwa muda. Kisha lori likatokea, limeegeshwa kando ya barabara ya vumbi. Mama akakata kushoto, magurudumu yakafuata. Binti akashusha pumzi.

Mama akakanyaga mafuta. Mara akatulia, akakaza vidole. Miaka minne usukani ule uligeuka tu, mfu mikononi mwake, naye alidhani ndivyo ulivyoundwa. Sasa, kwa mfumo huu mpya, ulikuwa unatetemeka, kidogo kidogo, ukimvuta kulia.

"Vipi, haufanyi kazi?"

"Barabara mbovu," alisema taratibu, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Unajuaje?"

Mama akaukata usukani kushoto kidogo. "Nisogezee kiti mbele," alisema. "Kuna mlima unakuja."