Rhobi Hayupo

Siku ya wageni ilipofika, Sista Yuliana, mkuu wa shule, akapata mafua tena. Matroni Marcelina alishazoea. Sista anaamka mzima, anasali mzima, lakini magari ya wazazi yakianza tu kupanda kilima cha shule kutokea Manyamanyama, sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyenyeshewa usiku kucha. Jioni wageni wakishaondoka, anapona bila dawa.

"Yule mzee wa Butiama ameshafika," Marcelina alimwambia. "Nimpe chai, nimwambie tu hatumjui huyo mtu wake?"

Sista akasema atakwenda mwenyewe. Kila mwaka alikwenda mwenyewe.

Mzee Stanislausi alikuwa ameketi kwenye benchi la getini, macho yake yamefunikwa na utando mweupe, kifurushi cha matoborwa mapajani. Viazi hivyo alivichemsha na kuvianika mwenyewe, kwa kupapasa. Jirani yake Prosper alimleta kwa bodaboda toka Butiama, kisha akasogea pembeni kupiga soga na mlinzi. Swali la mzee lilikuwa lilelile miaka yote: binti yake Rhobi yuko wapi?

Shule nzima ilimjua huyo Rhobi. Hakuna msichana wa kidato cha kwanza aliyemaliza wiki bila kusimuliwa habari zake. Zamani, shule ikiwa na bweni moja tu, baba yake alipokea ng'ombe, na ikapangwa kwamba likizo ya Desemba akeketwe, kisha aolewe. Akatoroka. Alitembea usiku, akikatiza mashamba ya pamba, akaingia shuleni nyayo zimechanika. Wanaume walipomfuata, Mama Mkuu wa wakati ule alisimama getini akasema, "Rhobi hayupo." Wanasema ndio uongo pekee aliouungama bila kuonyesha majuto. Tangu likizo ile bweni halikufungwa tena Desemba. Wasichana waliokikimbia kisu walikuja toka Musoma, toka Bunda, toka vijiji vya ziwani, wakalala humo.

Rhobi mwenyewe aliishia wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema alivushwa kwenda Kenya. Wengine walisema homa ilimmaliza mwaka uleule. Mwaka huu, kwa ajili ya jubilei, wasichana walikuwa wakiandaa igizo lake. Walipomwomba Sista awasaidie kupata mwisho wake, aliwakatalia kwa ukali ambao hawakuuzoea. Wakanong'onezana kwamba aliletwa kutoka nyumba ya watawa ya Bukoba, uchungu wa Mara ataujulia wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Pole na mafua."

Akamshikisha kikombe cha chai. Hakutia sukari, mzee hakuwa mtu wa sukari. Akaketi mwisho wa benchi, mbali naye kidogo.

Mzee hakuliuliza swali lake mara moja. Alieleza kwamba daktari wa Musoma amemshauri arudi nyumbani, akae na watu wake. Watu wenyewe hana. Mama wa watoto alishatangulia. Kwa hiyo hii ni safari yake ya mwisho kupanda kilima hiki, na asingependa kuondoka duniani bila kusamehewa na huyo mmoja aliyebaki.

"Nilikuwa nimeshakula ng'ombe za watu," alisema. "Rhobi alipokimbia, nikampeleka mdogo wake. Bhoke. Damu ikakataa kukauka. Mtoto alikuwa ananiangalia tu."

Sista aligeuza uso ukutani. Habari hiyo aliisikia kila mwaka. Safari hii alitaka kusema neno jingine. Alilitafuta kwa moyo wote, Mungu ni shahidi, maana mzee alikuwa amekonda. Lakini kila alipofungua mdomo alimwona mtoto yule na gauni lake la njano, amelala kwenye ngozi ya ng'ombe. Akashindwa.

"Rhobi hayupo, mzee," alisema kwa ile sauti nzito.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikunywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, na alipotaka kusimama akanung'unika kwa lugha ya kwao kwamba fimbo imedondoka, iko wapi. Sista akainama, akaiokota, akampa. Mzee akainamisha kichwa, fimbo mkononi, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Prosper akawasha pikipiki. Uwanjani wasichana walikuwa wakicheka na mama zao, wakifungua mabakuli ya pilau na samaki. Kwa kawaida matoborwa ya mzee waligawiwa wale wasio na mgeni, na Sista alibakiza kipande kimoja tu, akakipeleka chumbani kwake. Leo mzee hakumwachia Marcelina kifurushi. Aliupapasa mkono wa Sista, akakiweka kiganjani mwake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Hivi usigawie watoto," alisema. Prosper akamsaidia kupanda. Mzee akajiweka sawa nyuma ya pikipiki, akageuza uso kule alikosimama Sista.

"Mimi sikuwaga nakuja kumtafuta Rhobi. Nilikuwaga nakuja kusikia sauti yako tu, mwanangu, hata hiyo ya mafua."

Pikipiki ilikuwa imeshashuka kilima chote ndipo Rhobi alipopata sauti yake, akaita, "Baba."