Nyumba Isiyosahau

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe, chai yangu na ikose sukari hadi kufa.

Siku hizi ahadi ya mume kwa mke haihesabiki mpaka iwemo kwenye hifadhidata ya nyumba. Yetu niliiandika mwenyewe kwa Java, lugha ya kompyuta, baada ya kustaafu reli. Nikaweka ujanja mmoja: kila programu inapowashwa upya, majedwali yanayotunza ahadi yafutwe, yaundwe mengine matupu. Nikiahidi asubuhi, naizima na kuiwasha, basi sidaiwi kitu.

"Baba Saumu, si uliahidi kukuna nazi Ijumaa?" mke wangu Mwanasha alikuwa akiniuliza.

"Iulize nyumba."

"Hakuna ahadi," nyumba ilijibu kwa adabu.

Mwanasha akajishika kichwa. "Labda akili zangu zinaniacha." Mimi nikacheka kidogo tu.

Kisha akaacha kuuliza, nikadhani nimeshinda. Ijumaa iliyopita akauliza tena. Nikamwelekeza kwa nyumba, maana nilikuwa nimeshaizima na kuiwasha. Nyumba ikaanza kusoma: nazi, pazia, safari ya kwa dada yake, nazi tena.

"Ulinionyesha msimbo wako ili nikusifu," akasema Mwanasha. "Nikausoma, mzee. Ule mstari wa kufuta niliutoa tangu mwezi wa Rajabu, nikanyamaza. Nilitaka kujua kama ni mimi ninayesahau."

Sasa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi, naye anaimba jikoni. Nimeguna kidogo tu.

"Nihifadhi na guno hilo?" nyumba imeuliza.