Ngiri na Swali la Kitovu

Zahanati ya wanyama ilikuwa na mlinzi mmoja, Ngiri, mwenye sauti kubwa kuliko akili. Siku moja Korongo, mhamiaji kutoka mbali, alimfikia na kifaranga wake anayetetemeka kwa homa.

"Dawa ni za wenyeji," Ngiri akasema. "Kitovu chako kilizikwa wapi?"

"Ndugu yangu, nyasi za paa hili nilizibeba mimi kwa mdomo huu."

"Sikukuuliza paa. Kitovu!"

"Sina. Nilitoka kwenye yai."

"Basi, asiye na kitovu hana dawa. Ndiyo sheria."

Korongo hakuondoka. Alipaza sauti mpaka madirisha yakatikisika: "Jamani! Eti aliyetoka kwenye yai haruhusiwi humu?"

Ndani, Daktari Kobe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumtumbua Mfalme Kiboko jipu la kalioni. Aliposikia hayo, akaweka kisu chini na kufunga mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" Kiboko akanguruma.

"Nyumbani, mtukufu. Hata mimi nilitoka kwenye yai."

"Waingie!" Kiboko akalia. "Wa yai, wa kitovu, hata walioota kama uyoga, waingie wote!"

Kifaranga akanywa dawa, homa ikashuka.

Kesho yake Ngiri aliamka na jino bovu. Kwa vile hakujua sheria isiyomfungia mtu nje, alidhani sasa ni zamu ya wenye kitovu kufungiwa, akaja kwenye foleni na ganda la yai kichwani, akiapa kwamba naye aliatamiwa.

"Pita tu, ndugu yangu," Korongo, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, akamwambia. "Ila hilo ganda ni la mwanangu. Ukipona, ulirudishe."