Uzi wa Njano

Fundi kutoka Mwanza aliifungua kompyuta mpya kwa chini, akaingiza kibano kwenye feni, akavuta uzi wa njano.

"Mashine hii inapumulia hapa," alisema. "Mtu kaifunika ikiwa inawaka, ikaungua. Siku naileta niliwaambia, kitambaa marufuku."

Meneja akamgeukia mlinzi, mzee aliyesimama mlangoni. "Ni wewe. Ofisi ikifungwa, nani mwingine anabaki humu?"

Scolastika, katibu muhtasi, alihisi masikio yanamwaka. Jana, vumbi la Geita lilipoingia dirishani, aliiacha kompyuta ikiwaka akaenda kunywa chai. Aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama anavyoifunika redio nyumbani. Mlinzi alikuwepo, akakisifia.

Kitambaa pacha, cha njano hivyohivyo, kilikuwa bado juu ya simu, mbele ya macho ya wote.

Mkono wake ukatambaa mezani polepole. Akakivuta, akakifumbata, akakisukumia kwenye droo.

Alipoinua macho, mlinzi alikuwa anamtazama.

"Ni mimi, bosi," mzee akasema, na ni yeye aliyeinamisha kichwa.