Karibu ya Mtu Mmoja

Siku hizi nyumba mpya zinaitikia hodi zenyewe. Zinamkaribisha atakayeishi akazeekea humo, zinamnyamazia atakayekufa mapema, na hazijawahi kukosea.

Mwajabu na mumewe Shomvi walisimama mlangoni, mtaa mpya wa Vikunai, rangi bado inanuka, barabara vumbi tupu. Wakapiga hodi kwa pamoja.

"Karibu," nyumba ikaitikia.

Shomvi akacheka. "Hii nayo! Tuko wawili, yenyewe inasema karibu. Fundi wao alitoroka kipindi cha Kiswahili."

Dalali aliyewaleta hakucheka. "Ingekuwa wawili, kaka, ingesema karibuni."

Mwajabu alikuwa ameshalipenda lile jiko pana na ua wa kuanikia nguo. "Tuoneshe nyingine," akasema.

"Dada yangu, hii ya saba leo, na zote zimewajibu hivyo hivyo." Dalali akashusha sauti. "Labda kila mmoja apige hodi peke yake, mjue ni nani."

"Anza wewe, mke wangu," Shomvi akasema, kicheko kimemkauka.

Mwajabu akavuta pumzi apige hodi. Pembeni akaona midomo ya mumewe inachezacheza, anaomba dua nyumba inyamaze.